Vidole vya Mbangua Korosho

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Chekeni kwanza, nitasubiri.

Mama yangu alicheka pia. Aliniuliza kama serikali ina mafao ya watu waliochoka mapema. Nikamwambia yangu madogo yapo, yananisubiri Masasi, basi akaniongezea ugali.

Ninawaandikia ninyi mliokaa kwenye meza niliyoiacha Newala, na wenzenu wa Masasi na Tandahimba mnaofanya kazi ileile. Mtu anaingia, anasema: ile pesa yangu ya serikali isiende tena kule, iende huku. Ukiieleza harakaharaka ni kazi ya dakika chache. Akaunti ya zamani inatoka, mpya inaingia, kidole kinawekwa kwenye mashine, asante, karibu tena. Katika miaka yangu yote sikumbuki siku hata moja iliyokwenda hivyo.

Sikuisomea. Nilikuwa na kibanda stendi ya Newala, nasajili laini za simu, natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwenye kibodi iliyofutika herufi, na ndiyo maana mpaka leo nachapa nikiwa naangalia dari. Serikali ilipoacha kulipa ruzuku ya kaya maskini mkononi na kuanza kuipitisha kwenye akaunti, ofisi ilitaka mtu anayeijua mashine ya alama za vidole. Wakanichukua kwa mkataba. Walidhani wamepata mtu mwenye ujuzi, kumbe wamepata mtu mwenye hofu. Kwa mbali hivi vitu viwili vinafanana.

Nawaambia ukweli kwa sababu najua baadhi yenu mko hivyohivyo. Nilikuwa nasoma namba ya akaunti kutoka mwanzo, halafu kutoka mwisho, halafu namwomba mwenyewe anisomee, na kama hajui kusoma namwomba jirani yake. Siku moja nilitoka kijiji cha Mnyambe jioni, tumeshafika nusu ya njia, nikamwambia kijana wa bodaboda ageuze.

"Dada, umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nahofia kama nimesahau."

Aligeuza. Namba ilikuwa sahihi. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi, na kila tukikutana mjini aliniuliza, "Dada, leo hujasahau kusahau?"

Aliyenifundisha kazi ni Mama Anastasia, mwanamke wa Newala mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye alianza zamani, ruzuku ikiletwa kwenye sanduku la chuma, askari ameketi juu yake, na watu wamepanga mawe kwenye foleni ili wenyewe wakae kivulini. Baadaye zikaja simu. Baadaye benki na mawakala wake. Kila mara tuliambiwa njia mpya itaondoa usumbufu. Usumbufu haukuondoka. Ulihama tu kama mpangaji, ukabeba virago vyake na kufungua chumba kingine.

Mama Anastasia hakuwa na hotuba. Alikufundisha kwa kukukanyaga mguu chini ya meza. Ukimuuliza mtu kwa sauti, "Kwa nini unabadilisha akaunti?" unakanyagwa. Mimi nilikuwa naona ni swali la kawaida. Fomu inalo, nami naliuliza. Yeye alisema hakuna mtu anayehamisha pesa kwa sababu ya pesa. Kuna ndoa iliyovunjika, mtoto aliyelewa uraka, ile pombe ya mabibo, msimu mzima, mkwe aliyechukua kadi. Na mabenchi yetu yalikuwa mapana na yenye masikio.

Somo lake jingine lilikuwa hili: "Ndoo ya zamani usiitupe kabla hujaona mpya haivuji." Yaani usimruhusu mtu afunge akaunti ya zamani mpaka malipo ya kwanza yaonekane kwenye mpya. Liandikeni ukutani. Nimeona watu wamekaa kati ya ndoo mbili, msimu mzima, hawana hata tone.

Basi niwaeleze habari za Bibi Somoe.

Alikuja kutoka kijiji cha Chilangala mwezi wa saba, ile baridi ya huku juu ambayo watu wa Mtwara mjini hawaamini ipo, ukungu mpaka mlangoni. Kanga mbili mabegani, kandambili za rangi mbili tofauti.

"Hodi."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umekonda hivi? Inakula chakula chako?"

Benchi zima likacheka. Nikamuuliza tumsaidie nini. Akatazama watu waliojaa, akatazama sakafu, akasema, "Nimekuja kusalimia."

Nikaanza kumshukuru kwa kuja kusalimia. Mguu wangu ukakanyagwa. Mama Anastasia akainuka, akamshika bibi mkono, akatoka naye mlango wa nyuma kwenye madumu ya maji, akanipungia nifuate. Njiani akaninong'oneza, "Mtu aliyelipa bodaboda kutoka Chilangala hajaja kusalimia."

Kule nyuma bibi alisema kwa sauti ya chini, "Pesa yangu inakaa kwa Hamisi."

Mzee Hamisi alikuwa mdogo wake, fundi cherehani, alihamia Masasi siku nyingi. Ruzuku ilipoanza kupita kwenye akaunti, Bibi Somoe hakuwa na simu wala kitambulisho, basi kaya yake ikaandikishwa kwa akaunti ya ndugu yake. Hakuna aliyeshangaa. Mnajua kwetu wengi tunahesabu ukoo kwa mama, na kaka wa mwanamke ndiye mjomba wa watoto wake. Harusi ni yeye, ugonjwa ni yeye, msiba ni yeye. Pesa isipopita kwake, ipite wapi?

"Si mwizi," bibi alisema. "Ukiandika kwamba ni mwizi, nakulaani."

"Sijaandika kitu, bibi."

"Analeta sukari. Analeta sabuni, analeta unga. Safari iliyopita ameleta redio. Mimi nimesema bati. Nikisema bati, yeye anasema bati za nini, nyumba yenyewe imezeeka, njoo ukae Masasi, maji yako bombani."

"Na wewe hutaki Masasi?" aliuliza Mama Anastasia.

"Masasi nitakaa sebuleni kwa mke wake kama godoro la wageni. Chilangala nina mikorosho yangu, nina makaburi yangu. Nataka bati, nataka gata la kukinga maji, nataka pipa. Ukiezeka nyasi, mvua inakupita kichwani. Ukiezeka bati, inalala kwako."

Aliyeishi huku juu haombi aelezwe zaidi. Maji ya dumu la baiskeli yanauzwa kama soda, na kushuka bondeni kwa magoti ya umri ule ni kwenda tu, kupanda kunahitaji muujiza. Alitaka bati kabla ya mvua za mwisho wa mwaka. Kitambulisho alikuwa ameshapata, kwa hiyo alitaka akaunti yake mwenyewe.

"Lakini Hamisi asijue kwamba nimesema mimi," aliongeza. "Mwambieni ni serikali."

"Bibi, serikali haijasema," nikamjibu.

"Basi iambieni iseme."

Nikatazama fomu. Pale penye sababu palikuwa wazi, nami nilijua siwezi kuandika uongo. Msinisifu. Haukuwa uadilifu, ulikuwa woga. Nilimwona mkaguzi kichwani mwangu, amevaa suti, ametoka mbali, ameisoma ile fomu moja tu.

Bibi akaona nasita. Akasema taratibu, "Hamisi ndiye atakayenishusha kaburini, mjukuu wangu. Nikimwaibisha mbele ya watu, nani atanipokea mle?"

Mama Anastasia akachukua kalamu mkononi mwangu, akaandika: matakwa ya mwenye ruzuku. Akanirudishia. "Hapo umesema kweli, na hujasema kitu."

Tukarudi ndani kwa ajili ya kidole. Nilikuwa nimekifuta kile kioo cha mashine mpaka kinang'aa. Bibi akaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akaweka kingine. Ikakataa. Nikafuta kioo, nikafuta kidole, nikazima mashine, nikaiwasha. Huko nyuma benchi likaanza kazi yake.

"Mpake mate!"

"Bonyeza kwa nguvu, dada!"

Mwanamume mmoja akasema labda bibi si mtu, ni jini. Bibi Somoe hakugeuka hata shingo. "Ningekuwa jini ningekuja Newala kufanya nini? Ningeingia benki kwa ukutani."

Walicheka, ila mimi nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ile. Niligeuza kiganja chake. Ncha za vidole zilikuwa laini kabisa, kama upande wa ndani wa kibuyu, na pembeni mwa kucha pana weusi. Hapakuwa na mstari hata mmoja.

"Unabangua korosho?" aliuliza Mama Anastasia.

"Nisipobangua nitakula nini?"

Ninyi wa huku mnajua. Ila kama umeletwa kutoka mkoa mwingine, jifunze. Korosho ikikaangwa, ganda lake linatoa mafuta makali yanayobabua ngozi. Wanawake wanaobangua majumbani na kuuza vifuko stendi wanajipaka majivu, wanajitahidi, lakini msimu kwa msimu vidole vinababuka mpaka alama zinafutika. Nimewahi kuona foleni nzima ya wanawake wa kijiji kimoja ambao kwa mashine hawakuwapo duniani.

Na utaratibu ulikuwa wazi: kidole kisiposomeka, malipo yapite kwa mwakilishi wa kaya. Nikafungua rekodi kuona mwakilishi wa kaya hii ni nani, ingawa nilikuwa najua. Hamisi.

Nikamweleza bibi. Akaitazama mashine. "Kumbe na hii nayo mtoto wa Hamisi."

Mama Anastasia akamwambia kwamba ngozi hurudi ukiipumzisha. Aache kubangua kwa wiki kadhaa, apake mafuta ya nazi usiku, halafu ajaribu tena.

"Ngoja nielewe," bibi alisema. "Mnataka niache kazi ili nipate vidole, nikipata vidole nipate pesa, nikipata pesa nipate bati."

"Ndiyo, bibi."

"Na hicho chakula cha hapo katikati?"

Akakunja kanga yake, akaaga.

Wiki zile nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimemwambia mwanamke mzee aache riziki kwa ajili ya mashine ambayo sikuwa na hakika nayo. Kama ngozi isingerudi? Kila mtu akiingia akisema anatoka Chilangala nilitaka kumuuliza kama Bibi Somoe anakula, na nikashindwa kuuliza kwa sababu nilihofia jibu.

Akarudi siku ya ukungu, si peke yake. Alikuja na Bibi Fatu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya muuza samaki, binamu yake na wa Mzee Hamisi, mtoto wa shangazi yao. Bibi Fatu aliingia ameinua mikono yote miwili.

"Nimebangua mafungu mawili mwezi wote, langu na lake! Angalieni vidole vyangu. Yeye amerudi duniani, sasa mimi ndiye sipo!"

Nikachukua mkono wa Bibi Somoe. Mistari ilikuwepo, myembamba, kama njia ya sisimizi. Nikataka kuuweka mara moja kwenye mashine. Nikakanyagwa.

"Mikono ya baridi haisomeki," Mama Anastasia alisema, "na mikono yenye hofu ndiyo kabisa." Akamletea kikombe cha chai ya moto, akamwambia asinywe kwanza, akishike tu kwa mikono miwili. Wakaanza kuzungumza habari za bei ya vifuko stendi. Chai ilipoanza kupoa akasema, "Haya. Cha pete, mkono wa kushoto. Hicho ndicho hakishiki sana korosho."

Mashine ikalia ule mlio wake mzuri. Benchi likapiga makofi. Bibi Somoe alikitazama kile kidole kama mtu aliyetambulishwa kwa ndugu.

Akaunti ikafunguliwa kwa wakala, ombi likaenda. Nikadhani tumemaliza. Nikalala.

Kumbe siku hizo mfumo ulikuwa umeongezewa jambo jipya ambalo hatukuambiwa: akaunti ikibadilishwa, mwenye ile ya zamani anapelekewa meseji.

Mzee Hamisi alifika na basi la kwanza kutoka Masasi, akapitia Chilangala, akaja nao wote wawili, dada yake na Bibi Fatu. Alikuwa na kofia safi na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Ofisi ilikuwa imejaa.

"Nani ameniita mwizi hapa?"

"Shikamoo, mzee," nikasema. "Hakuna aliyekuita."

"Marahaba. Meseji imeniita. Imesomwa na mteja, nampima suruali, pini ziko mdomoni. Mbele ya watu! Ati akaunti yako imeondolewa kwenye malipo ya kaya. Nimeondolewa! Miaka yote naleta sukari mpaka mlangoni, leo naondolewa kama kupe."

Bibi Somoe alikuwa ameinamisha kichwa. Kitu alichokiogopa kilikuwa kimemkuta palepale, mbele ya benchi lote. Mimi nilikuwa na maelezo tayari, yamepangika vizuri, kifungu kwa kifungu. Nikafungua mdomo. Nilikanyagwa safari hii mpaka nikaona nyota.

Bibi Fatu ndiye aliyesema.

"Mume wangu, punguza kelele, utameza pini."

Kwetu mabinamu ni watani. Fatu alikuwa akimwita Hamisi mume tangu wakiwa watoto, ingawa kila mmoja alikuwa na wajukuu wake kwingine. Mtani ana ruhusa ya kusema lile ambalo dada hawezi, na anayekasirikia utani ndiye anayechekwa.

"Fatu, leo sitaki utani."

"Kwani uliwahi kuuomba? Hebu niambie, fundi mzima, unatembea Masasi na pochi ya mwanamke kwapani, aibu huna? Watu wanajua ni ya dada yako, au wanadhani umejinunulia?"

Benchi likaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Namtunza dada yangu!"

"Unamtunza kwa redio. Redio haizuii mvua, mume wangu. Nyumba ikivuja, redio inatangaza tu."

Hapo watu walishindwa. Hata yule aliyemwita bibi jini, naye siku hiyo amekuja tena, alikuwa anafuta machozi. Mzee Hamisi alikaza uso, akaukaza tena, halafu pembe ya mdomo ikamponyoka.

"Nimemwambia aje Masasi."

"Kama unataka mwanamke wa kuhamia Masasi, nioe mimi. Nakusubiri tangu umetoka jandoni. Huyu mwachie nyumba yake."

Akavuta pumzi ndefu, akauvua utepe shingoni, akaukunja. Wakati anaukunja hakumwangalia mtu. "Haya," alisema. "Kama ni kuachia, naachia mwenyewe. Sitaki kuondolewa na simu. Niweke wapi mkono?"

Kweli kulikuwa na sehemu ya yeye kuthibitisha. Nikasogeza mashine. Akaweka kidole gumba, na kabla sijavuta pumzi mashine ikalia.

"Nnungu wangu!" Bibi Fatu akamwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. "Mmeona? Kidole cha mla korosho kinajulikana mpaka Dodoma. Cha mbanguaji mpaka kibembelezwe na chai."

Watu walicheka, ila si sana. Mzee Hamisi alikitazama kidole chake. Kisha akauchukua mkono wa dada yake uliokuwa umelala kwenye kanga, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ncha zile, kama fundi anavyopima kitambaa kilichochakaa.

"Tangu lini hivi?"

"Tangu mama atutoke," Bibi Somoe alisema. "Wewe ulikuwa shule."

Mzee Hamisi aliuachia mkono taratibu, akatoka nje, akasimama pale kwenye pikipiki zilizowaleta mpaka wenzake walipomfuata.

Msidhani iliishia hapo. Malipo yaliyofuata, kwa sababu ya mifumo isiyosalimiana, yaliingia kwenye akaunti ya zamani. Kwa Hamisi. Nilipiga simu ngazi za juu mpaka wakaacha kupokea. Mvua zilikuwa zinakaribia, mawingu yanakaa upande wa bahari kila jioni, na mimi nikimwona bibi chini ya nyasi zake na redio. Nikamwambia Mama Anastasia niende Masasi kumdai. Akasema, "Ukienda kumdai, umemwita mwizi kwa mdomo wako. Ngoja." Kungoja ndicho kitu ambacho sikuwahi kujifundisha mwenyewe.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Siku mbili baadaye Bibi Somoe alishuka kwenye bodaboda mbele ya ofisi, dumu dogo limefungwa nyuma kwa mpira. Akaliweka juu ya meza yangu, juu ya fomu zangu zote.

"Kunywa."

"Nini hiki, bibi?"

"Maji ya bati langu."

Akanisimulia: Hamisi alikuja na fuso kutoka Masasi, bati ziko nyuma, misumari kwenye kofia. Hakueleza zimetoka wapi. Alipanda juu na mafundi mwenyewe, akagombana nao tangu asubuhi mpaka jioni. Aliposhuka akamwambia dada yake, "Bati hizi utazing'oa mwenyewe ukihamia Masasi."

"Nikamwambia nitazing'oa nikiwa nimevaa sanda," bibi alisema. "Tatizo ni gata. Ameleta fupi. Kipimo chake ni cha suruali."

Nilikunywa. Yalikuwa na ladha ya chuma kipya. Malipo yaliyofuata yaliingia kwake, na gata akanunua mwenyewe.

Mkitaka, ishieni hapo. Mimi siwezi, kwa sababu kwa kila Bibi Somoe walikuwepo wengine ambao hawakuwa na Fatu. Kuna mzee wa Mnyambe aliyekaa kati ya ndoo mbili mpaka akachoka kuja, na sikujua nimfuate vipi. Kuna wanawake niliowaambia wapumzishe vidole, wakanitazama, wakarudi kubangua, na walikuwa na haki. Mama Anastasia aliondoka kabla yangu, akaenda kwa mwanawe. Hakukuwa tena na wa kunikanyaga, nikaanza kujikanyaga mwenyewe. Nilikuwa nafuta kioo hata pasipo mtu. Namba moja nikawa naisoma mpaka jioni. Mkataba ulipokwisha nikauangalia, sikuuhuisha.

Nilirudi kwa mama. Anabangua korosho uani, nami nikakaa karibu yake, nikachukua kijiti. Ni kazi nzuri kwa mtu kama mimi. Punje ikivunjika, unaila. Hakuna mkaguzi.

Mwezi uliopita nilikwenda Masasi kwa ajili ya mafao yangu. Akaunti niliyokuwa nimeandikisha nilishaacha kuitumia, nikataka yaingie kwenye nyingine. Kwenye meza alikuwepo kijana, shati limepigwa pasi mpaka linasimama, kalamu zimepangwa kwa urefu. Nilipomwona anakifuta kioo cha mashine, halafu anakifuta tena, moyo wangu ulimwonea huruma.

"Sababu ya kubadilisha akaunti, dada?" akauliza kwa sauti. Benchi zima likageuka.

"Matakwa yangu," nikasema. "Punguza sauti, mdogo wangu."

Akaandika. Nikaweka kidole gumba. Mashine ikakataa. Akafuta kioo. Nikaweka cha pili. Ikakataa. Akaizima, akaiwasha. Nyuma yangu mtu akasema mpake mate. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kijana kwenye paji la uso, na macho yake yalikuwa yanasoma utaratibu ukutani.

"Dada, samahani. Kuna mwakilishi? Mume, au kaka yako?"

Nikageuza viganja vyangu. Sikuwa nimevitazama siku nyingi. Ncha za vidole zilikuwa laini, kama kibuyu kwa ndani.

"Kaka ninaye," nikamwambia. "Ila wewe nitafutie kwanza kikombe cha chai ya moto."